Kasha lako la kwanza: ufiche kopo au ufungue EarthCache?

Katika jiokashingi, mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa, mtu akishapata makasha kumi na tano, ishirini hivi, huanza kuwashwa na hamu ya kuficha la kwake. Hamu hiyo naijua vizuri. Mchezo huu nilijifunzia Ujerumani nikiwa masomoni, na niliporudi Tanga sikumaliza hata wiki ya kusalimia ndugu, nikaanza kusaka kopo zuri. Nilijiuliza swali moja tu: nifiche wapi? Leo najua kwamba hilo lilikuwa swali la pili. La kwanza ni hili: masika yakipiga, nani atarudi pale kuangalia?

Ndiyo maana ulinganisho huu nimeupanga kwa mizani ya mwenye kasha. Mtafutaji anafurahi kwa dakika kumi na kwenda zake. Wewe uliyeficha umefunga ndoa na mahali pale.

Kwanza, mchezo wenyewe

Jiokashingi, kwa anayeisikia leo, ni kutafuta kasha lililofichwa kwa kufuata namba za GPS kwenye simu. Ukilipata unasaini daftari lililomo, unalirudisha kama ulivyolikuta, kisha unaandika taarifa yako kwenye tovuti. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS wanazotumia raia, na vifaa vilivyokuwa vikikosea hadi mita mia vikaanza kuonyesha mahali kwa usahihi. Kesho yake Dave Ulmer akaacha ndoo nyeusi porini karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti. Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua tovuti ya Geocaching.com. Kampuni iliyotokana nayo iko Seattle na ndiyo inayotunza orodha kubwa kuliko zote. Kasha halitangazwi humo mpaka lipitiwe na mkaguzi, ambaye ni mchezaji mwenzetu anayejitolea.

Ndoo ile ya Ulmer isingepita kwa mkaguzi wa leo. Ilikuwa imefukiwa kiasi ardhini, na sasa kuchimba ili kufukia kasha hakuruhusiwi bila idhini ya wazi ya mwenye ardhi. Ndani kulikuwa na kopo la maharage, na sasa chakula hakiwekwi kwa sababu harufu huita wanyama. Kanuni nyingi tunazoziona za usumbufu zimekuja hivyo, baada ya watu kuona ardhi ikichimbwachimbwa na makopo yakitafunwa.

Sasa wagombea wetu wawili. *Kasha la kawaida* ni kopo lenye daftari, lililo palepale namba zinapoelekeza. *EarthCache* haina kopo wala daftari. Ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano na chama cha wanajiolojia cha Marekani, nayo humleta mgeni mbele ya mwamba, bonde, chemchemi au mchanga, ikampa somo fupi la jiolojia na maswali ambayo hawezi kuyajibu mpaka aangalie kwa macho yake. Majibu anakutumia wewe.

Yako makasha ya aina nyingine, lakini kwa mtu wa kwanza nayaweka kando upesi. Kasha la vituo vingi ni zuri kwa kutembeza watu mjini, ila kituo kimoja kikipotea safari nzima imekufa, na wewe una vituo vinne vya kukagua badala ya kimoja. Kasha la fumbo hutaka mtu akokotoe namba za kweli, ambazo zisizidi kilomita 3.2 kutoka zile zilizotangazwa. Ukikosea hesabu utapokea barua za watu wenye hasira mwezi mzima. Hayo subiri.

Ruhusa

Hapa watu wengi hudhani EarthCache ina nafuu. Hawaachi kitu, basi wamwombe nani? Si hivyo. Unapotangaza mahali unaleta miguu ya watu, na mwenye mahali ana haki ya kujua.

Kwa kopo, ruhusa mara nyingi ni mtu mmoja na mazungumzo. Mimi nilikwenda kwa mzee mwenye shamba la minazi linalopakana na ufukwe.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Karibu.”

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Unaficha kitu shambani kwangu, halafu unawaambia watu wote kilipo. Hapo umeficha au umeweka?”

Nikamwambia kimefichwa kwa wasiocheza. Akakubali kwa masharti mawili: mtu asiingie baada ya magharibi, na nazi zisiguswe, hata zilizoanguka. Masharti yote mawili niliyaandika juu kabisa ya ukurasa wa kasha, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Kwa miaka miwili hakuna aliyeyavunja. Nilipokuwa nikipita kukagua nilipiga hodi kwake kwanza, na nadhani hilo ndilo lililolinda lile kopo kuliko maficho yenyewe.

Kwa EarthCache ruhusa huwa ya ofisi. Jiolojia nzuri iliyo wazi kwa macho kwetu iko mara nyingi ndani ya hifadhi au kwenye eneo la mambo ya kale. Chukua ule Mchanga Unaohama wa Ngorongoro, lile tuta jeusi la majivu ya volkano lenye umbo la mwezi mchanga, ambalo upepo hulisogeza mita kama 17 kwa mwaka. Sijui mahali panapofaa zaidi kufundisha jinsi upepo unavyobeba ardhi. Lakini pale ni ndani ya eneo la hifadhi, kuna kiingilio na kuna utaratibu, na barua yako itakwenda kwenye Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kimondo cha Mbozi kule Songwe ni hivyohivyo: jiwe la chuma lenye uzito wa tani kama 16, somo tayari limekaa, ila lazima wanaolitunza waulizwe. Andaa barua, andaa subira, na andika kiingilio kwenye ukurasa ili mgeni asishtukie getini.

Kuna mahali ambapo aina zote mbili zinashindwa, na hapo simsikilizi mtu. Misitu ya kaya za Wamijikenda, makaburi, mahali pa matambiko. Hata kama mkaguzi aliye mbali hataona tatizo kwenye ramani, wewe unalijua. Usiweke.

Umbali na nafasi

Kopo lisikae karibu na kopo la mwingine kwa chini ya mita 161. Kipimo hicho kinaonekana cha ajabu mpaka ujue ni sehemu ya kumi ya maili. EarthCache haibanwi nacho kwa kuwa haina kitu cha kugongana na kingine. Hapa Afrika Mashariki nafasi bado ni tele, kwa hiyo jambo hili lisikuumize kichwa. Kwa aliye Hamburg au Berlin ni mtihani kweli, na EarthCache inaweza kuwa njia pekee iliyobaki.

Matunzo

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Kopo langu la kwanza lilikuwa la plastiki lenye mfuniko wa kusokota, na nililiona madhubuti kabisa. Nililiweka Januari. Mwezi wa tano nilipolifungua, daftari lilikuwa limegeuka uji. Kurasa zilikuwa zimeshikana kitu kimoja, wino umetambaa, na majina ya watu kumi na mmoja yamebaki doa moja la buluu. Chini kwenye kona sisimizi walikuwa wamehamia na mayai yao. Nikalipeleka nyumbani, nikalikausha, nikaanza upya.

Tangu hapo nina jaribio ambalo silivuki. Weka karatasi ya chooni ndani ya kopo, funga, kisha lizamishe kwenye ndoo ya maji kwa jiwe juu yake, lilale humo usiku kucha. Asubuhi fungua. Karatasi ikiwa na hata alama ya unyevu, kopo hilo ni la kuwekea vifungo. Likipita, liweke juani wiki mbili kisha ulijaribu tena, maana jua letu hupasua plastiki laini ambayo mvua haikuiweza. Daftari litie ndani ya mfuko wake wenye zipu, na uandikie penseli. Wino wa kalamu hukimbia, penseli haikimbii.

Kuhusu ukubwa: chini ya mililita 100 ni kichupa tu, hakina nafasi ya zawadi ndogo za kubadilishana, daftari lake ni kikaratasi cha kuviringisha, nacho hujaa upesi na kulowa upesi. Kati ya mililita 100 na lita moja ndiyo saizi ninayompendekezea mtu wa kwanza. Juu ya hapo utapata kopo zuri la kuhifadhia chakula, lenye klipu nne na mpira wa kuzibia, ambalo halipitishi tone. Tatizo lake ni uzuri wake. Kopo kama hilo lina kazi katika kila jiko la mtaa, na atakayelikuta kwa bahati ataona Mungu amempa. Mimi naona ana haki ya kulidhania hivyo. Kwa hiyo litafutie sura isiyotamanisha: lipake rangi ya mwamba, liandike jina la mchezo. Kopo lililowahi kuwa na siagi au samli usilitumie kabisa. Pua yako haisikii harufu, tumbili anaisikia.

Kwa hesabu yangu, kasha la kawaida pwani linataka safari nne kwa mwaka: kabla ya masika, baada ya masika, katikati, na baada ya vuli. Ongeza safari za dharura. Mtu akibonyeza taarifa kwamba kasha linahitaji mwenyewe, unatakiwa uende. Usipokwenda, mkaguzi atalisimamisha na kukupa muda, kwa kawaida wiki nne hivi, na ukibaki kimya atalifunga. Hakuonei. Anawalinda watakaopoteza nauli kuja kutafuta kitu kilichokwisha zamani.

EarthCache, kwa upande wake, hainyeshewi. Ila usidanganyike kwamba haina matunzo, kwani kazi imehamia mezani. Kuandika somo kunachosha kuliko kununua kopo. Lazima uwe umefika, umeangalia, umeelewa kilichotokea pale, na uweze kumweleza mtoto wa darasa la saba bila kumwongopea. Pwani yetu ina miamba ya matumbawe ya kale iliyo juu ya bahari ya leo. Ukisogea utaona ndani yake umbo la matumbawe yenyewe, kama sega la nyuki lililogeuka jiwe. Somo ni kwamba bahari iliwahi kuwa juu kuliko ilivyo sasa. Swali zuri ni: mkato uliochimbwa na mawimbi chini ya mwamba uko kimo gani ukilinganisha na goti lako? Swali baya ni lile linalojibika kwa kutafuta kwenye intaneti, au kwa kunakili bango lililopo pale. Mkaguzi atalirudisha, na ana haki.

Kisha barua zinakuja. Kila mgeni anakutumia majibu, nawe unapaswa kuyasoma. Kwa mahali panapotembelewa sana ni kazi ya kila wiki. Mwamba nao hubadilika: ufuo huliwa, uzio hujengwa, na swali linaloulizia kitu kisichoonekana tena ni sawa na daftari lililolowa.

Jambo moja linanifurahisha sana upande huu: ukurasa wa EarthCache unatakiwa uandikwe kwa lugha ya mahali, na lugha nyingine ziongezwe. Basi somo la jiolojia ya Amboni au ya Kilimanjaro linaandikwa kwa Kiswahili kwanza. Si jambo dogo.

Walinzi na macho ya watu

Mwaka 2011, katika mji wa Wetherby huko Uingereza, mtu alionekana akishughulika na kiboksi cha plastiki nje ya mkahawa. Polisi wakafunga mtaa, wategua mabomu wa jeshi wakaja, kiboksi kikalipuliwa. Lilikuwa kasha. Kwetu, ambako kila jengo kubwa lina mlinzi na kila mfuko usio na mwenyewe unatiliwa shaka, na tunajua kwa nini, kopo la mjini ni hatari kwa mgeni na ni usumbufu kwa askari. Kanuni zenyewe zinakataa viwanja vya ndege, kambi za jeshi, shule na reli. Mimi naongeza masoko, stendi, benki na balozi. Na sanduku la risasi la chuma, ambalo Wamarekani wanalipenda kwa kuwa halipitishi maji, huku usilitumie popote pale.

Kwa mjini, basi, EarthCache inashinda bila ubishi. Mtu anayetazama mawe ya ukuta na kuandika kwenye simu hamtishi yeyote. Kwa kijijini na ufukweni tofauti ni ndogo, mradi mgeni ajue kusalimia kwanza na kueleza anachofanya anapoulizwa.

Wageni, na taarifa zao

Kwenye kasha la kawaida haki ya mgeni ni jina lake kwenye daftari. Limo, amelipata. Huwezi kumdai picha, wimbo wala shairi. Masharti ya aina hiyo yalifutwa mwaka 2009. Jina halimo, unaweza kufuta taarifa yake, ila daftari likiwa limegeuka uji sioni kwa nini umwadhibu kwa uzembe wako. Kwenye EarthCache sharti ni majibu. Mgeni akishayatuma anaweza kuandika taarifa yake palepale bila kukungoja, na asipoyatuma unaweza kuifuta. Anza kwa barua ya upole, watu husahau wakiwa safarini.

Waombe wageni wako waseme wasipopata. Wengi wanaona aibu, wananyamaza, na wewe unakaa miezi sita ukidhani mambo ni shwari. Nyingine niliyokutana nayo ni ya mtu aliyekosa kasha, akaweka kichupa chake mwenyewe, akasaini, akaandika kuwa amepata. Alidhani ananisaidia. Kopo langu lilikuwepo, nusu mita kutoka alipotafuta, na kwa wiki tatu kulikuwa na makasha mawili na madaftari mawili. Kama wewe ndiye mtafutaji, usifanye hivyo bila kumwuliza mwenyewe. Ukichukua zawadi, acha yenye thamani ileile au zaidi. Kidude chenye namba ya safari si zawadi, ni abiria: kichukue ukiweza kukifikisha kasha jingine, la sivyo kiache.

Ukihama

Baada ya miaka miwili kazi ilinipeleka Dodoma. Niliamini nitakuwa nikirudi kila mwezi wa sita na wa kumi na mbili, inatosha. Haikutosha. Taarifa ya kwanza ya kopo lililopasuka ilinikuta katikati ya mwezi, mpwa wangu akaenda kuangalia, akanitumia picha ya mfuniko mikononi mwake na daftari limevimba. Alilibandikabandika. Mara ya pili hakuwa na nafasi, na sikuwa na uso wa kumsukuma. Nikalifunga mwenyewe kabla mkaguzi hajalifunga, na safari iliyofuata nikaenda kulitoa. Kulifunga kwenye tovuti ukaliacha kichakani ni kutupa takataka kwenye shamba la mtu aliyekukaribisha. Ningekuwa na akili mapema ningemkabidhi mchezaji mwingine aliye karibu, jambo linalowezekana maadamu kasha halijafungwa.

Hili nawaambia hasa mlio Muscat, London au Minneapolis, mnaokuja Desemba na mnatamani kuacha kopo kijijini kwa bibi. Mkaguzi atauliza nani atalitunza, na asiporidhika hatalitangaza. Mtaje mtu wa palepale, aliyekubali mwenyewe, anayeujua mchezo. Si “binamu yangu yupo”.

Basi uchague lipi

Unaishi ndani ya nusu saa ya mahali, unapita pale hata bila sababu, mwenye eneo unamsalimia kwa jina: ficha kopo, la nusu lita hivi. Raha ya mtoto anayeinua jiwe na kukuta kitu hakuna EarthCache itakayoileta, na mtaa wako utapata wachezaji wapya kwa njia hiyo.

Unasafiri sana, mahali ulipopapenda ni mbali au ni hifadhini au ni mjini penye ulinzi, na kuandika hakukuchoshi: EarthCache. Anza na barua ya ruhusa kabla ya somo, ili usipoteze juma zima ukiandika juu ya mwamba usioruhusiwa.

Huishi karibu na kuandika hupendi? Endelea kutafuta ya wengine kwanza. Watengenezaji wa mchezo wenyewe hushauri mtu apate angalau 20 kabla ya kuficha, na kwetu, kwa uchache wa makasha, ishirini itakuzungusha mikoa kadhaa.

Ukiamua kopo, weka juu kabisa, mbele ya daftari, karatasi hii au inayofanana nayo, iliyopigwa plastiki, ili atakayelikuta kopo bila kulitafuta aione kwanza:

*“Habari. Umekuta kasha la mchezo wa kutafuta kwa GPS. Si hirizi, si bomu, wala halijapotea. Mwenye shamba anajua lipo. Ukipenda, andika jina lako na tarehe, kisha lirudishe palepale ulipolikuta. Likiwa linakusumbua, piga namba iliyo hapa chini, nitakuja kuliondoa. Asante.”*

Namba iwe ile unayoipokea.